Shimo la Mchanga

Mdogo wangu alikaa kitako peke yake kwa mara ya kwanza tangu augue, akiwa na miaka minne, ndani ya shimo tulilomchimbia pwani ya Nungwi. Maji yalikuwa yamekupwa, na mafundi walikuwa wakigonga misumari ya jahazi hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimshika mabega muda mrefu kwa sababu sikuamini kwamba mchanga ungemzuia. Bibi mmoja mgeni, aliyetufundisha kuchimba shimo lile, akanigonga kiganja taratibu kwa gongo lake: "Mwachie, mwanangu. Hataanguka, hana pa kuangukia."

Nikamwachia. Akakaa. Akaiangalia bahari.

Alizaliwa mzima, mwaka 1996. Alitambaa kwa wakati wake, akasimama dede kwa kushikilia mbuzi ya kukunia nazi, akajifunza kumwita mama na kumfukuza kuku. Halafu zikaja mvua za Elnino, mwishoni mwa 1997 zikaingia 1998, mvua ambayo haikujua vuli wala kiangazi. Uwani kwetu maji yalituama wiki baada ya wiki, na mbu wakawa wanauma hata mchana. Siku moja alasiri homa ikampanda, macho yakapinda, meno yakabana, mwili ukawa unagutuka. Bibi yetu alitamka neno moja tu: degedege.

Akafukizwa. Akaandikiwa kombe kwa zafarani, akanyweshwa kwa kijiko. Bibi akakataa katakata mtoto asipigwe sindano, kwani mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Nimewasikia watu wengi wakiwacheka wazee kwa imani hiyo na sijaweza kucheka nao. Bibi alikuwa ameona, kwa macho yake, watoto wakipelekwa hospitali siku ya tatu wakiwa wameshakwisha, wakachomwa sindano, wakarudishwa ndani ya sanda. Alichokiona alikiunga hivyo. Siku ya pili jioni baba akambeba mtoto akapanda naye gari ya samaki hadi hospitali ya Kivunge, na huko akatundikiwa dripu ya kwinini. Mungu na madaktari wa Kivunge ndio waliotuachia yule mtoto.

Walirudi baada ya wiki. Shingo yake haikubeba tena kichwa. Mkono wa kushoto ulijikunja kifuani kama bawa la kuku aliyechinjwa, na miguu ikapishana, mmoja juu ya mwingine, ikabana hata kumvalisha nguo ilikuwa kazi ya watu wawili. Neno "mama" lilikuwa limepotea.

Degedege ile ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Dawa ya kawaida ya malaria miaka hiyo ilikuwa klorokwini, na ugonjwa ulikuwa umeshaizoea. Mwaka 2003 Zanzibar ikabadilisha, zikaja dawa za mseto. Mwaka 2006 vyandarua vikagaiwa na nyumba zikapuliziwa dawa kuta zote, na ugonjwa ule uliokuwa ukijaza makaburi ya watoto ukakaribia kwisha kabisa Unguja na Pemba. Wanangu mimi hawaijui degedege. Nafurahi kutoka moyoni, na kila ninaposikia habari hizo nampigia hesabu mdogo wangu: miaka mitano. Lau angezaliwa miaka mitano baadaye.

Kwa miaka miwili baada ya homa alikaa chumba cha uwani. Sisemi kwamba alifichwa. Nyumbani kwetu neno hilo halikuwahi kutamkwa. Alikuwa "anapumzika". Wageni wakija mlango ulirudishwa. Shangazi mmoja alisema ni mambo ya upande wa mama, mwingine akasema mtoto halisi alichukuliwa na huyu ameachwa badala yake. Mama alikuwa akisikia yote na kuendelea kuchambua mchele. Baba hakuondoka. Nalitaja hili kwa sababu baadaye nilikuja kuwajua kina mama wengi wa Kaskazini ambao waume zao walitoka kwenda dago na wasirudi, au walirudi na talaka mkononi. Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi, mtu wa maneno machache, na ukimya wake wakati ule niliudhani ni aibu.

Mimi nilikosa skuli siku mbili au tatu kila wiki ili mama apate kwenda kwenye mwani. Nilimlisha uji akiwa amelala chali, kama tulivyokuwa tukimlisha sote, na alikuwa akipaliwa, akikohoa, akishikwa na kifua mara kwa mara. Kila kifua kilipomshika tulidhani ndio mwisho wake.

Yule bibi mwenye gongo alikuja mwaka 2000. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alitoka mjini kwa gari ya 116, zile gari za mbao ambazo abiria hukaa wakitazamana magoti, akateremka kwa magongo mawili; ugonjwa wa kupooza ulimpata utotoni. Alikuwa mwanachama wa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulioanzishwa 1985 na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka mmoja kabla hajatufikia, mwaka 1999, ilikuwa imeanzishwa pia jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ambayo kina mama wengi waliingia kwa ajili ya watoto wao. Lakini habari hizo za mjini kwetu zilikuwa mbali kama habari za Maskati. Kwa sheha alipita kwanza, kwa heshima, akauliza nyumba zenye watoto kama mdogo wangu. Sheha akamtajia mbili. Bi Mkubwa akasema haiwezekani, Nungwi kubwa hii. Akaenda kukaa na wanawake kisimani, na alipoinuka pale daftari lake lilikuwa na nyumba sita.

Kwetu alipiga hodi asubuhi. Mama akamkaribisha ukumbini, mlango wa uwani umerudishwa kama kawaida. Bi Mkubwa akanywa chai yake yote, akauliza hali za wakubwa na wadogo, kisha akasema, "Na yule mwingine anapenda nini?"

Hakuna aliyejibu. Nilikuwa nikikaa na yule mtoto kutwa nzima, nami sikuwa na jibu. Tulijua nini kinamliza, nini kinampalia, saa ngapi hulala. Mama akainamisha kichwa, na nadhani ndipo alipolia kwa mara ya kwanza mbele ya mtu wa nje.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda haraka. Ugonjwa ukapata jina, mtindio wa ubongo, na jina lile peke yake lilimtoa mama mzigo wa miaka miwili, kwani kitu chenye jina hakikutokana na ukoo wake. Uji akalishwa ameinuliwa, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko kikiingia kwa mbele. Kifua kikapungua mwezi uleule. Kisha ikaja mbeleko. Tulikuwa tukimbeba mikononi kama gogo, miguu imebanana. Bi Mkubwa akachukua kanga ya mama, akamweka mtoto kiunoni kwangu, mguu mmoja huku na mmoja kule, akafunga. "Kila ukimbeba hivi," akasema, "unamfanyisha mazoezi." Kanga ile ile, kiuno kile kile. Ujuzi wa kumsaidia ulikuwa umetundikwa kwenye kamba ya nguo miaka yote miwili na hatukujua kuusoma.

Na shimo. Aliuliza kama tuna kiti cha kumkalisha. Hatuna. Akatazama nje, akasema, "Mna pwani." Tukashuka naye. Akatuelekeza kuchimba mpaka usawa wa kifua cha mtoto, ukuta wa nyuma uwe wima, mbele tuache kilima kidogo cha mchanga mbichi katikati ya mapaja ili miguu isipishane. Tukamshusha, tukamjazia mchanga ubavuni. Mchanga ulikuwa na baridi, alishtuka, akatulia. Kichwa kikayumba huku na huku kisha kikasimama, kikitetemeka. Mkono wa kulia ukatoka, ukapiga mchanga, ukapiga tena. Akacheka. Kumbe alikuwa akipenda kupiga kitu kikatawanyika.

Sikumwona baba alipokuja. Aliacha tezo lake kwenye jahazi akasimama nyuma yetu, mikono imejaa unga wa mbao. Tulipomtoa mtoto, yeye akapiga magoti pembeni ya shimo, akatoa ile kamba yake ya kupimia, akapima upana, kina, na kile kilima cha katikati. Akafunga fundo kwa kila kipimo. Hakusema neno.

Kiti kilichukua siku nne. Alikiunga kama anavyounga chombo, mgongo kwanza kama mkuku, kisha mbavu mbili za kukumbatia, akazipinda kwa kufuata ubavu wa mtoto kama anavyochagua taruma kwa kufuata mti ulivyojipinda wenyewe. Mbele akaweka kigingi cha kutenganisha mapaja, akakivika kitambaa. Akakipiga msasa mpaka mkono ukapita bila kukwaruzwa. Mafundi wenzake walipita mmoja mmoja kukiangalia, mmoja akashauri miguu ya nyuma itanuliwe kisije kikapinduka, wakabishana kama wanavyobishana juu ya jahazi la mtu. Mdogo wangu alikuwa ameshakuwa kazi ya ufundi, na kazi ya ufundi Nungwi haifichwi uwani. Kiti kikakaa barazani, na mwenye kiti juu yake.

Kina mama wa nyumba sita walianza kukutana kila Alhamisi baada ya alasiri, kwetu. Mjini waliitwa kikundi. Wao walisema tu "tunakwenda kwenye kiti". Mmoja alikuwa na binti kiziwi, mwingine mtoto mwenye kichwa kikubwa kilichojaa maji. Huyo wa kichwa alifariki 2003, na wanawake wote sita walimwosha. Mwaka 2014 ilipofunguliwa taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo pale Mnazi Mmoja, kwa msaada wa madaktari wa Hispania, watoto wa namna yake wakawa wanapasuliwa hapahapa Unguja. Mama yake alisikia habari hiyo kwenye redio, barazani kwetu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Alhamdulillahi, wapate wengine," na akaendelea kusuka ukili.

Skuli ilikuwa vita vyake. Kuanzia 2004 wizara na ZAPDD walikuwa wakijaribu elimu mjumuisho, watoto wote darasa moja. Skuli ya kwanza tuliyoiendea, na sitaitaja, ilitwambia atawashughulisha wenzake. Ya pili ikamkubali kwa sharti aje na mtu wake. Mtu wake nilikuwa mimi mpaka nilipoolewa. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu; Bi Mkubwa alituletea nakala yake ndani ya mfuko wa plastiki, na mama, asiyejua kusoma herufi za kizungu, akaiweka juu ya kabati pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Siku alipoambiwa tena kwamba mtoto anasumbua, aliishusha akaenda nayo. Hakuifungua. Aliiweka juu ya meza ya mwalimu akakaa.

Tulipewa pia kiti cha magurudumu cha msaada, kizuri, kinang'aa. Kilitengenezewa sakafu. Hapa Nungwi kuna mchanga huku na mawe ya matumbawe kule. Kilizama siku ya kwanza. Nimeshaviona viti vingi kama hivyo vimeegemezwa kwenye kuta za nyumba za Kaskazini, na huwa natamani anayevitoa angeuliza kwanza mtoto anapita wapi.

Hoteli zimejaa sasa mpaka Kendwa. Usiku taa zake huonwa na wavuvi walio nje ya Tumbatu. Na bado mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo anaamka kabla ya alfajiri kuwahi gari ya mjini, zaidi ya kilomita hamsini kwenda, zaidi ya hamsini kurudi, kwa mazoezi ya viungo ya nusu saa. Nauli nyumba nyingi inatoka kwenye pensheni jamii ya bibi, ile iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka sabini. Nina hasira na jambo hili na sioni sababu ya kuificha. Kijiji kinachopokea wageni wa dunia nzima hakishindwi na chumba kimoja cha mazoezi.

Kiti kilipomwia kidogo mdogo wangu, kilikwenda kwa mtoto wa Kiungani, kisha Tazari, kisha kikarudi kikiwa na msumari mmoja mpya na kitambaa kingine kwenye kigingi. Yeye sasa ni mtu mzima. Hasemi maneno mengi, lakini kazi anayo: mkono wake wa kulia husokota pamba ya kukalafatia, akiibingirisha juu ya paja, nyuzi ndefu zilizonyooka, na mafundi wanasema ya kwake haikatiki ikipigwa ndani ya mshono wa mbao.

Mwezi uliopita alikuja msichana kutoka Fukuchani, mtoto wake yumo mikononi kama gogo. Alisita mlangoni. Mama akatoka, akamtoa mtoto mikononi, akafungua kanga yake mwenyewe akamfunga kiunoni kwa yule msichana, mguu huku na mguu kule, akiongea naye habari za mvua. Kiti kilikuwa kimekwenda tena Tazari. Tukashuka pwani, tukapata mahali baina ya vitanda vya watalii, tukaanza kuchimba. Mdogo wangu tulimkalisha pembeni, naye akawa anachota mchanga kwa mkono wake wa kulia akiutupa nje.

Baba haoni vizuri siku hizi. Aliteremka akishika bega la mjukuu wake, kamba ikiwa imeshafunguliwa mkononi.