Jibu la "Hatuwezi Kujua": Kufundisha Alama Fiche za Kulinganisha

Nilipokuwa nikifundisha Hisabati katika shule moja ya msingi huko Ilomba, mjini Mbeya, nilimkaripia mtoto kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nawaandikia makala haya ninyi wanachuo mnaojiandaa kuingia darasani, ili kosa hilo lisirudiwe. Maana mimi mwenyewe sikulitambua kuwa kosa mpaka miaka mingi ilipokwisha kupita.

Somo la siku hiyo lilikuwa la kulinganisha namba. Wanafunzi wa darasa la sita walikwisha kuzizoea alama za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko", nami, kwa kutaka kuwachangamsha, niliwaandikia ubaoni swali la kupima kufikiri. Niliwaambia kwamba kwa siku hiyo alama @ itakuwa na maana ya "ni kubwa kuliko", na alama # itakuwa na maana ya "ni ndogo kuliko". Kisha nikaandika: P @ Q, Q # R. Nikauliza: kati ya P na R, ipi ni kubwa?

Jibu nilikuwa nimekwisha kuliandaa. Katika andalio langu la somo niliweka 9 mahali pa P, 4 mahali pa Q, na 7 mahali pa R. Na kwa kuwa 9 ni kubwa kuliko 7, niliandika kwamba P ndiyo kubwa. Wanafunzi kadhaa walijibu hivyo, nikawasifu. Ndipo msichana mmoja aliyeketi dawati la nyuma aliponyosha mkono, akasema, "Mwalimu, hatuwezi kujua. Je, R ikiwa 12?" Nilimjibu kwa ukali kwamba kila swali la Hisabati lina jibu lake, na asiyelijua anyamaze awasikilize wenzake. Akaketi. Sikumbuki kumwona akinyosha mkono tena muhula ule.

Angalieni jinsi mtoto yule alivyofikiri. Mimi nilichukua mfano mmoja nikaufanya kuwa sheria. Yeye alitafuta mfano wa pili uliotimiza masharti yote mawili ya swali, kwani 9 ni kubwa kuliko 4, na 4 ni ndogo kuliko 12. Na mfano huo ukalivunja jibu langu. Hiyo ndiyo kazi hasa ya mantiki, nayo ilifanywa na mwanafunzi wakati mwalimu wake amesinzia.

Alama ni mapatano

Maswali ya namna hii hutumika sana katika mitihani ya kuchuja waombaji wa kazi. Nchini India, kwa mfano, mitihani ya kuajiri watumishi wa benki imeyazoea kabisa. Mtahiniwa hupewa alama ngeni na maana zake, hupewa kauli mbili au tatu, kisha huonyeshwa mahitimisho na kuulizwa ni lipi linalofuata. Wengi huogopa mara tu wanapoziona alama zile, wakidhani kwamba wamekutana na elimu mpya.

Hapana budi mwalimu aiondoe hofu hiyo mapema, na njia nyepesi ni kueleza kwamba hata alama za kawaida zilianza kama mapatano tu. Alama ya "sawa na" ilipigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, mzaliwa wa Wales. Alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu, kwa maoni yake, hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Alama za > na < zilitokea katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichotolewa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Kabla ya hapo watu walilinganisha vitu kwa maneno, wala hawakupungukiwa na akili. Ikiwa watu wa karne ya 17 waliweza kupatana kuhusu alama hizo, basi sisi nasi twaweza kupatana kwa dakika ishirini kwamba @ itafanya kazi ya >.

Lugha kabla ya alama

Kikwazo kikubwa zaidi nilichokigundua darasani kimo katika maneno, hasa katika neno dogo "si". Mwambie mtoto kwamba "A si kubwa kuliko B", naye ataandika kwamba A ni ndogo kuliko B. Amesahau kwamba A na B huenda zikawa sawa.

Kosa hili halisahihishwi kwa kurudia kanuni. Waiteni mbele wanafunzi wawili wenye kimo kimoja, wasimame mgongo kwa mgongo. Waulizeni wenzao: "Je, huyu ni mrefu kuliko yule?" Watajibu, "Hapana." "Basi ni mfupi kuliko yule?" Watajibu tena, "Hapana." Hapo wataona kwa macho yao kwamba "si mrefu kuliko" kuna nyumba mbili ndani yake: nyumba ya ufupi na nyumba ya usawa.

Lugha yetu ya Kiswahili hutusaidia sana hapa, kwani inayo maneno mawili yanayobeba maana hiyo barabara: "isiyozidi" na "isiyopungua". Watoto wa Ilomba huishi kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Kibao chenye namba 50 huwaamuru madereva waende kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Waulizeni watoto: dereva anayekwenda kilomita 50 kamili amevunja sheria? La. Na yule wa 51? Naam, amevunja. Vivyo hivyo mpiga kura hutakiwa awe na umri usiopungua miaka 18. Aliyetimiza 18 leo hakataliwi. Mtoto akishaelewa mifano hiyo miwili amekwisha kuzielewa alama ≤ na ≥, hata kabla hamjaziandika ubaoni.

Hatua za kufumbua

Maana zikiisha kueleweka, ndipo alama fiche ziletwe. Mimi hutumia tano, na huziandika pembeni mwa ubao zikae hapo kipindi kizima:

A @ B: A ni kubwa kuliko B.
A # B: A ni ndogo kuliko B.
A $ B: A si ndogo kuliko B, yaani haipungui B.
A % B: A si kubwa kuliko B, yaani haizidi B.
A * B: A ni sawa na B.

Tuchukue sasa kauli hizi: M $ N, N @ K, K * T.

Hatua ya kwanza ni kurudisha kila alama fiche katika alama ya kawaida, bila kuamua lolote. Tunapata M ≥ N, N > K, K = T. Wanafunzi wenye haraka huruka hatua hii wakajaribu kufumbua kichwani, wakatazwe.

Hatua ya pili ni kuunga kauli zote katika mnyororo mmoja: M ≥ N > K = T.

Hatua ya tatu ni kutazama mwelekeo wa alama zilizo kati ya herufi mbili tunazoulizwa. Zikielekea upande mmoja, hitimisho lipo. Kutoka M hadi T alama zote huelekea upande mmoja, na alama ya usawa haimzuii mtu njia. Kwa kuwa katikati yake ipo alama kali, yaani >, hitimisho nalo huwa kali: M @ T. Kama pasingekuwa na alama kali hata moja, bali ≥ peke yake au pamoja na =, tungeweza kusema tu kwamba M haipungui T.

Hatua ya nne ni kulipima kila hitimisho tulilopewa. Je, T # N inafuata? Ndiyo, kwa kuwa N > K = T. Je, M @ N inafuata? Hapana, kwani huenda zikawa sawa. Je, M * N inafuata? Hapana pia, kwani huenda M ikazidi. Lakini mtahini akiuliza kama "ama M @ N, ama M * N" ni kweli, jibu ni ndiyo, maana hayo mawili yakiunganishwa huwa ndiyo maana nzima ya M $ N. Wanafunzi wengi huanguka hapa. Huona kila hitimisho likishindwa peke yake, wakasahau kuuliza kama mawili kwa pamoja yamezimaliza njia zote zilizopo.

Mlango uliofungwa

Sasa turudi kwenye swali langu la zamani: P > Q < R. Alama zinaelekeana kinyume. Q ni ndogo kuliko zote mbili, lakini udogo wake hautuambii lolote juu ya P na R zenyewe. Huenda P ikazidi, huenda R ikazidi, huenda zikalingana. Hata kusema "ama P @ R, ama P # R" ni kosa, kwa sababu usawa umeachwa nje. Jibu sahihi ni lile la yule msichana.

Ili wanafunzi wauone uzito wa jambo hili, mimi huwapa kauli mbili kuhusu milima. Ya kwanza: Kilimanjaro ni mrefu kuliko Loleza. Ya pili: Rungwe ni mrefu kuliko Loleza. Kisha huwauliza kama kutokana na kauli hizo mbili tu twaweza kusema kwamba Kilimanjaro ni mrefu kuliko Rungwe. Darasa zima huitikia, "Ndiyo!" Nao wasema kweli kuhusu milima: Kilimanjaro una mita 5,895, na Rungwe una karibu mita 2,960. Lakini ukweli huo waliuleta kutoka somo la Jiografia. Haukutoka katika kauli zangu. Ukiyafuta majina ya milima ukaweka herufi P, Q na R, mlango hujifunga papo hapo. Kuna tofauti kati ya jambo lililo kweli na jambo lililothibitishwa na kauli tulizopewa, na mtoto aliyeipata tofauti hiyo amepata kitu kitakachomfaa hata nje ya Hisabati. Atasikia habari mtaani, naye atajiuliza: je, hili limethibitishwa, au nimeliongezea mwenyewe?

Aliporudi

Miaka mingi baadaye msichana yule, akiwa sasa mtu mzima, alinijia nyumbani na daftari mkononi. Alikuwa akijiandaa kwa usaili wa kazi, na ule uliotangulia ulikuwa umemshinda. Tukaketi mezani tukapitia maswali. Mara kwa mara aliifikia alama ya kinyume, akasita, kisha akachagua jibu lenye uhakika. Nilipomwuliza sababu, alinitazama kwa adabu, akasema, "Shikamoo yako nimekwisha kuitoa, Mwalimu, basi niruhusu niulize. Hivi 'haijulikani' ni jibu linalokubaliwa?"

Sikuhitaji kukumbushwa zaidi. Sisemi kwamba karipio langu ndilo lililomwangusha katika usaili. Kauli nilizo nazo hazifiki huko, na makala yanayofundisha tusihitimishe pasipo ushahidi hayana haki ya kuhitimisha hivyo. Lakini najua kwamba akiwa na umri wa miaka kumi na miwili aliuliza, "Je, R ikiwa 12?", na kwamba mbele yangu mezani hakuuliza tena swali la namna hiyo mpaka nilipomwomba aulize. Nilimwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema yeye alikwisha kusahau. Kisha tukaanza upya swali la kwanza.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zetu ziwajengee watoto akili ya kudadisi. Akili hiyo haijengwi na mwalimu anayeogopa swali asilolitarajia. Basi ninyi mnaokwenda kufundisha, fanyeni mambo mawili. Kwanza, katika kila zoezi la alama fiche wekeni angalau swali moja ambalo jibu lake ni "hatuwezi kujua", mlisahihishe kwa alama ya vema kama majibu mengine, na mmtake mwanafunzi atoe mifano miwili inayopingana ili athibitishe. Anayesema "hatuwezi kujua" bila mifano huenda amechoka tu. Anayesema hivyo akiwa na mifano amefikiri. Pili, katika maandalio yenu ya somo msiridhike na mfano mmoja uliotimia. Tafuteni wenyewe ule wa pili unaoweza kuuvunja, kabla mtoto wa dawati la nyuma hajautafuta. Na akiutangulia kuuona, mwacheni aje ubaoni, mpeni chaki.