BMX ya Kivinje

Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu. Wenzangu wakipata posho ya safari wananunua simu, mimi narudi na fremu ya baiskeli iliyokufa. Chumbani kwangu Dar zimeshafika tatu, zote BMX za miaka ya themanini, na mwenye nyumba ameshaniuliza kama nina mpango wa kufungua gereji. Leo nawaletea habari za ya nne, ambayo sikuipata.

Kwa wasioijua: BMX ni baiskeli ndogo ya mashindano, magurudumu inchi 20. Ilianza California mwanzoni mwa miaka ya sabini, watoto wakiiga mbio za pikipiki kwenye vumbi na matope. Mwaka 1982 ikatoka filamu ya E.T., watoto wanawakimbia polisi juu ya BMX aina ya Kuwahara kutoka Japani. Mwaka huohuo Raleigh wa Nottingham, walewale waliowauzia babu zetu zile nyeusi za breki za fito, wakatoa BMX yao inayoitwa Burner. Mchezo wenyewe uliingia Olimpiki kule Beijing mwaka 2008. Huko Uingereza leo watu wazima wenye vitambi wanazisaka Burner kwa udi na uvumba, na ikiwa bado ina rangi na stika zake za kiwandani, ndiyo kabisa.

Sisi mwaka 1982 tulikuwa na mambo mengine. Hata tairi ya kawaida ilikuwa ya kuulizia kwa kunong'ona. Ni mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi na ruksa yake, ndipo vitu vya ajabu vikaanza kuonekana mitaani. Baba anasema ya kwanza mtaani kwao ililetwa na baharia, na mwanawe alikuwa anatoza nauli mzunguko mmoja!

Haya, tuje Kilwa. Nilikwenda kwa stori ya pweza, nikapita Kivinje. Kama hujafika, Kivinje ni mji wa zamani wa pwani wenye maghofu ya majumba na boma la Mjerumani, halafu ni mji wa baiskeli. Wachuuzi wa samaki wanafunga tenga nyuma na kuingia nalo vijijini. Utaona Phoenix za Shanghai, na ukiwa na bahati utakutana na Swala, zile zilizotengenezwa hapahapa nchini na NABICO enzi za mashirika ya umma. Na kutu utaikuta kila mahali. Upepo wa bahari peke yake unatosha kuitoboa kromu, lakini adui mkubwa ni tenga lenyewe: maji ya chumvi na barafu yanadondoka kwenye cheni, rimu ya nyuma na mahali ekseli inaposhika fremu. Ndiyo maana baiskeli za Kivinje zinafia nyuma, mbele kuzima.

Kwenye kibanda cha fundi mmoja mzee niliona kitu kidogo kimepakwa rangi ya kijani, kina keria kubwa ya nondo iliyochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Nikainama. Chini ya krenki kuna namba, inaanza na N. Kwa Raleigh N ni Nottingham. Moyo ukanienda mbio.

"Shikamoo fundi. Hii ya nani?"

"Marahaba. Ya kijana, anakuja sasa hivi. Unatafuta nini huko chini?"

Kijana mwenyewe ana miaka kama kumi na mitano. Anampelekea mama yake samaki barabara ya Nangurukuru, na kwa udogo wa ile baiskeli miguu inapiga kama cherehani. Nikamwambia nitampa baiskeli mpya dukani, kubwa, ya gia, anipe hii. Akatabasamu. "Kaka, za gia zikila mchanga ndiyo basi. Hii hata ikidondoka haina cha kuvunjika." Akaniambia nikaongee na mama.

Mama akasikiliza vizuri, akauliza swali moja tu. "Sasa mwanangu, wewe utaipanda wapi?"

Nikasema siipandi. Naisafisha, nairudisha ilivyotoka kiwandani, naitundika ukutani. Wadau, yule mama alicheka hadi akashika mlango. Akawaita majirani waje kumwona mtu anayetundika baiskeli.

Nikarudi kwa fundi kujitetea. Na bado najitetea: ile chuma inakwisha, na ikiisha hakuna mtu Lindi nzima atakayejua kwamba kitu kama kile kilipita pale. Fundi akaigeuza, akanionyesha nyuma. Masikio yote mawili yanayoshika ekseli ameshayakata na kuchomelea mapya ya bati nene. Uma wa mbele ni wa baiskeli nyingine. Na ule ukijani niliouona wa kishamba ni rangi ya mashua, masalia ya watu wa ufukweni. Akaniuliza, rangi yako ya kiwandani ilitengenezwa kwa maji ya wapi? Hapo sikuwa na jibu, maana mwenzangu anapaka kinachohimili chumvi, mimi nawaza stika.

Basi tukakaa jioni nzima tukiifungua. Nati tulizilowesha mafuta ya taa, kutu ya usukani tukaisugua kwa ndimu na msasa laini, gololi za krenki tukazibadilisha zote na kujaza grisi. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye bomba linaloshuka mbele, nikakwangua taratibu kwa ukucha. Chini ya kijani kuna nyekundu, chini ya nyekundu kuna buluu, na juu ya ile buluu kipande cha stika chenye herufi nne: RNER.

Nikamwita kijana aione. Nikamweleza habari ya Burner, ya Nottingham, ya wale wazee wa Uingereza. Alisikiliza kwa adabu, akaigusa, kisha akauliza, "Ila pakiachwa wazi hivi si pataota kutu?"

Pataota. Nilipiga picha tatu, nikampa brashi.

Ameniagiza tairi mbili za inchi 20 kwa 1.75, ngumu za kubebea mzigo, siyo hizi laini za watoto. Nimezunguka Kariakoo siku mbili sijazipata. Mdau mwenye kulijua duka aniambie, narudi Kilwa mwisho wa mwezi.