Yatta: Mto wa Moto Uliogeuka Jiwe

Utakapopanda treni kwenda Mombasa na watoto, tafuta viti vya upande wa kushoto. Baada ya Kibwezi, kama hakuna ukungu, tazama mbali mashariki. Utaona ukingo mrefu, sawasawa juu kana kwamba umekatwa kwa kisu. Huo ni Uwanda wa Yatta.

Abiria wengi huutupia jicho mara moja kisha hurudi kwenye magazeti yao. Kumbe wanapita kando ya mto wa moto ulioganda miaka milioni 13.5 iliyopita! Una urefu wa kilomita 300 hivi, na ni miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani.

Lava hiyo ilitoka pande za Bonde la Ufa, ikafuata bonde la mto wa kale kama maji ya mvua yafuatavyo mtaro. Ilipopoa ikawa fonolaiti, jiwe gumu ambalo likigongwa kwa nyundo hulia kama kengele. Miamba ya kandokando ikazidi kumomonyoka, miaka nenda miaka rudi, hata kilichokuwa chini kikabaki juu. Leo Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, unapita chini ya uwanda huo.

Mwaka 2010 mwanajiolojia Henry Wichura na wenzake walichapisha hesabu yao: lava nzito kama uji ilihitaji mteremko gani ili ifike mbali hivyo? Wakapata kwamba ilianzia angalau mita 1,400 juu ya bahari. Hapo ndipo penye utamu. Nchi iliinuka kwanza, ikisukumwa na joto la chini kabisa, na magenge makubwa ya Bonde la Ufa yakaja baadaye, kama mkate unaoumuka kabla ya ganda lake kupasuka.

Ushahidi mwingine ulitoka Turkana: mabaki ya nyangumi wa miaka milioni 17, aliyepanda mto kutoka baharini. Leo mahali hapo pako mita 620 juu ya bahari, na nyangumi, msomaji, hapandi mlima.

Anayetaka kuukaribia uwanda huu na aingie Mbuga ya Tsavo Mashariki kupitia Voi, afike Maporomoko ya Lugard, kisha atazame ng'ambo ya mto. Watoto wasisogee majini. Mamba wa Galana hawana habari na jiolojia.