Risasi iliyokwama ilikuwa na kipimo cha baba

Jumamosi moja ya Oktoba, mama mmoja anayeishi Missoula, mji wa milimani katika jimbo la Montana, Marekani, aliwaona mumewe na kijana wao wa miaka 14 wakiingia nyumbani kimya. Walikuwa wametoka kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Kwa kawaida kijana huanza kusimulia akiwa bado mlangoni. Siku hiyo alivua viatu, akapita moja kwa moja chumbani kwake.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Hakuna kitu, mama watoto. Risasi moja ilikwama tu."

Mama alizima jiko, akavuta kiti akaketi.

Mama huyu ni mzaliwa wa Kivu Kusini, Kongo. Alikimbia kwao usiku kwa sababu ya bunduki, akavuka Ziwa Tanganyika, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kijana wao alizaliwa pale. Mwaka 2017 familia ilipata nafasi ya kwenda Marekani, na mama akadhani habari za bunduki zimekwisha maishani mwake. Kumbe alikuwa anahamia mahali ambapo majirani huzungumzia uwindaji kama watu wa Kigoma wanavyozungumzia migebuka na dagaa.

Montana watu wengi huwinda kwa ajili ya kitoweo. Msimu wa bunduki huanza mwishoni mwa Oktoba na kuchukua wiki tano. Dume moja la elki, mnyama wa jamii ya kulungu, laweza kufikia kilo 300, na nyama yake hujaza friza kwa majira yote ya baridi. Mzee mmoja jirani, mstaafu anayeishi peke yake, ndiye aliyemfundisha baba. Baba alisoma kozi ya usalama wa wawindaji. Kijana naye akaisoma, kwa kuwa jimbo hilo hutoa leseni ya uwindaji hata kwa vijana wa umri wake. Wakanunua bunduki mbili za mitumba, zote zinazotumia risasi aina ya .308 Winchester.

Mama alikubali kwa shingo upande. Nyama aliiona, na pia aliona jinsi kijana, aliyekuwa amejifungia na simu yake mwaka mzima, alivyoanza kuongea na baba yake.

Tatizo likawa bei ya risasi. Mzee jirani akamwonyesha baba kazi ambayo wawindaji wengi wa Marekani huifanya wenyewe nyumbani: kutumia ganda la risasi mara ya pili, ya tatu, hata zaidi. Sheria ya taifa hilo haimdai mtu leseni kwa kutengeneza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza, hapo ndipo leseni hutakiwa.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Risasi inapolipuka, ganda hutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba. Likitoka, lina umbo la chemba ya bunduki hiyo. Haliwezi kujazwa tena mpaka lirudishwe kipimo, na kazi hiyo hufanywa na kalibu, kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo la ganda. Kalibu hufungwa kwenye mashine ya mkono, wenzo unavutwa, ganda linaingizwa kwa nguvu na kutoka likiwa limebanwa.

Dukani baba alikuta kalibu za namna kadhaa. Ya kwanza hubana ganda zima, kuanzia shingo mpaka karibu na kitako, na kurudisha bega nyuma kidogo. Ya pili hubana shingo peke yake, mahali panaposhika kichwa cha risasi, na kuuacha mwili ulivyo. Ya tatu hubana karibu na kitako zaidi ya kawaida, na hutumiwa hasa kwa bunduki zinazojipakia zenyewe. Ipo pia ya chuma kigumu sana, ya bei kubwa, ambayo muuzaji aliisifu mno. Lakini kwa ganda lenye bega, kama la .308, hata hiyo hudai mafuta.

Mzee jirani alikuwa amemwambia mapema, "Kwa nyama, nunua inayobana ganda zima."

Baba hakumsikiliza. Alikuwa amesoma kwamba ganda linalobanwa shingo tu hudumu zaidi, kwa sababu shaba haikunjwikunjwi sana, na kwamba risasi zake hulenga vizuri zaidi. Tena halihitaji kupakwa mafuta mwili mzima, jambo ambalo mtu anayefanya kazi zamu ya usiku alilipenda. Akanunua kalibu ya shingo. Akajaribu risasi zake kwenye bunduki yake, zikaingia kama funguo kwenye kufuli lake. Jumamosi ile akamgawia kijana tano.

Hapo uwanjani risasi ya kwanza iligoma. Kijana akasukuma komeo la bunduki kwa kiganja. Likaenda nusu, likakwama. Mbele haliendi, nyuma halirudi, na risasi nzima imo ndani.

Baba alirukia bunduki. Mzee jirani akamzuia. "Usiiguse. Mdomo wake ubaki kwenye tuta la udongo. Wote rudini nyuma." Yeye mwenyewe akaishika, mdomo ukiwa umeelekea tutani, akalivuta komeo taratibu kwa nguvu isiyobadilika mpaka likaachia. Risasi ikatoka ikiwa na mkwaruzo unaong'aa ubavuni.

Bunduki mbili za aina moja hazina chemba zilizo sawa kabisa. Ya baba ilikuwa pana kidogo, ya kijana ilibana. Maganda yaliyotanuka kwenye bunduki ya baba, yakabanwa shingo tu, yalikuwa bado na mwili wa chemba ya baba. Ndiyo maana wenye ujuzi husema kwamba ganda lililobanwa shingo tu lirudi kwenye bunduki ileile lilikotoka.

Baba alimweleza mkewe yote hayo mezani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na mtoto umemwambia kosa ni la nani?"

Baba akanyamaza. Njia nzima kijana alikuwa amesema mara mbili, "Samahani baba, nilisukuma vibaya." Na baba alikuwa ameendesha gari bila kujibu.

"Baba watoto," mama akasema kwa sauti ya chini, "mimi nimekaa nyumba moja na vitu hivi kwa sababu uliniambia unajua unachofanya. Kama hujui, sema hujui. Lakini usimwachie mtoto mzigo wako."

Baba aliinuka akaenda chumbani kwa kijana. Alikaa humo karibu saa nzima. Walichozungumza hakijasimuliwa. Walipotoka, kijana aliomba chakula.

Jumatatu mzee jirani alikuja, safari hii akaketi na wote watatu. Akawaambia wasianze na swali la kalibu ipi inalenga vizuri zaidi. Waanze na hili: risasi hizi zitaingia kwenye bunduki ngapi, na mikononi mwa nani? Mtu mwenye bunduki moja, anayetoboa karatasi uwanjani peke yake, anaweza kubana shingo tu, ingawa hata yeye baada ya kulirudia ganda mara kadhaa ataanza kuona komeo linafunga kwa shida. Anayepanda mlima kwenye theluji na mtoto anahitaji risasi inayoingia bila kusukumwa.

Basi wakanunua kalibu inayobana ganda zima, ya chuma cha kawaida. Zile za bei kubwa waliziacha dukani. Kalibu nyingi za Marekani zina uzi wa kipimo kimoja, hivyo iliingia kwenye mashine waliyokuwa nayo. Wakaiteremsha kidogo kidogo, wakipima kila hatua, mpaka ganda likaingia vizuri kwenye chemba iliyobana zaidi, yaani ya kijana. Bega hurudishwa nyuma kwa sehemu 1 au 2 tu kati ya 1,000 za inchi. Likirudishwa mno, ganda hunyooka kupita kiasi kila linapolipuka na mwishowe huweza kukatika karibu na kitako. Maganda ya baba yatachoka mapema kidogo kwa kuwa bunduki yake ni pana. Hiyo ndiyo gharama, na baba aliikubali.

Kanuni nyingine ilihusu majaribio. Kila ganda lililobanwa hujaribiwa kwenye bunduki zote mbili likiwa tupu, kabla ya fataki na baruti. Risasi iliyojazwa haiingizwi kwenye chemba ndani ya nyumba.

Kijana akapewa kazi ya mafuta. Ganda kavu huganda ndani ya kalibu na kulitoa ni kazi ya siku nzima. Mafuta yakizidi, bega hubonyea. Yeye hupaka kwa ncha za vidole, kidogo na sawasawa, kisha huyafuta yote kazi ikiisha.

Mama naye alikuwa na masharti yake, na yalitoka kliniki. Alipompeleka mtoto wao wa mwisho, wa miaka 2, muuguzi alimuuliza kama kuna mtu nyumbani anayelenga shabaha au kujaza risasi. Fataki nyingi zina madini ya risasi. Sindano iliyo ndani ya kalibu inapoisukuma nje fataki iliyotumika, masizi yenye sumu hiyo hudondoka mezani na sakafuni. Mtoto anayetambaa na kulamba vidole ndiye wa kwanza kuipata, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Damu ilipimwa. Siku nne za kusubiri majibu mama hakulala vizuri. Majibu yalikuja mazuri.

Tangu hapo kazi hufanyika gereji, mlango wa ndani ukiwa umefungwa. Hakuna kula wala kunywa pale. Sakafu hufutwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi kavu. Baba na kijana hunawa kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumbeba mdogo. Baruti na fataki hukaa mbalimbali, chini ya kufuli, na ufunguo wa bunduki anao mama.

Kwa msomaji wa Tanzania, kazi hii si ya kuiga. Silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi nyumbani ni kujiingiza matatani. Lakini karibu kila nyumba ina chombo ambacho baba au mama amekizoea yeye, kisha siku moja anampa mtoto: pikipiki, panga, mtungi wa gesi. Mtoto akishindwa, afadhali mzazi aangalie kwanza alimpa kitu cha kipimo cha nani.

Wiki ya kufungua msimu mama aliingia gereji kwa mara ya kwanza tangu mashine ifungwe. Kijana alikuwa akijaribu maganda matupu, moja baada ya jingine. Mama akanyoosha mkono. Kijana akamtazama baba yake, kisha akampa ganda moja.

Mama alilitia kwenye chemba ya bunduki ya mwanawe, akasukuma komeo kwa kidole kimoja. Likafunga.

"Lete jingine," akasema.