Farasi Mbele, Kondoo Nyuma: Maisha ya Wakalmiki katika Nyika ya Volga

Asomaye historia ya pwani yetu hulikuta jina la Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331. Wachache hukumbuka kwamba miaka michache baadaye msafiri huyo alikuwa kaskazini ya mbali, akipita juu ya maji yaliyoganda ya Mto Volga. Alistaajabia nyika isiyo na mlima wala mti, ambako farasi walikuwa wengi na bei yao ndogo, kama kondoo walivyokuwa katika nchi aliyozaliwa. Akaeleza pia kuwa aliyekutwa na farasi wa wizi alilazimika kumrudisha pamoja na wengine tisa.

Karne tatu baada ya safari hiyo, nyika hiyo ilipokea wageni kutoka mashariki. Hao ni Wakalmiki, watu wa asili ya Mongolia ya magharibi, waliofika Volga ya chini mwanzoni mwa karne ya 17 pamoja na mahema na mifugo yao. Wao ni wafuasi wa dini ya Budha, na majirani zao wengi, wakiwemo Watatari, Wanogai na watu wa Dagestan, ni Waislamu. Jamaa zao wa asili moja, waishio karibu na Ziwa Issyk-Kul huko Kyrgyzstan, walisilimu. Leo nchi yao ni jamhuri ya Kalmykia ndani ya Urusi, kaskazini-magharibi ya Bahari ya Kaspi, na mji wake mkuu ni Elista.

Nchi hiyo haina huruma. Wakati wa baridi upepo hukata kama wembe na theluji huzika majani. Kiangazi nacho huchoma: mwezi Julai mwaka 2010, katika kijiji cha Utta, kilipimwa kipimo cha nyuzi 45.4, ambacho kilivunja rekodi ya Urusi nzima. Mvua ni chache, na udongo ni mwepesi. Mahali kama hapo mkulima wa jembe hushindwa, ila mfugaji ajuaye kuhama huweza kuishi.

Wakalmiki walihesabu mifugo ya aina nne: farasi, ngamia wa nundu mbili, ng'ombe, na kondoo wenye mikia minene ya mafuta. Kila mnyama alikuwa na kazi yake, na manufaa ya mpangilio huo yalidhihirika zaidi katika majira ya baridi. Farasi ndio waliotangulizwa malishoni, kwa kuwa kwato zao ngumu huipasua theluji na kuyafukua majani yaliyofunikwa. Ng'ombe na kondoo, ambao hawana uwezo huo, walifuata nyuma na kula yaliyobakizwa. Ndiyo maana aliyepoteza farasi wake aliwahofia pia kondoo wake.

Farasi hawakufungwa zizini. Waliishi nyikani mwaka mzima katika makundi, kila kundi likiongozwa na dume lake lililolinda majike na watoto. Mchunga farasi, aitwaye *aduch*, aliwakamata kwa ufito mrefu wenye kitanzi nchani, huku yeye mwenyewe akiwa juu ya farasi anayekimbia. Hiyo ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, na watoto walijifunza kupanda farasi wangali wadogo sana.

Hata nyumba ilitoka kwa mifugo. Hema lilikuwa la fito zilizopishanishwa na kufunikwa sufi ya kondoo iliyoloweshwa na kushindiliwa mpaka ikawa kitambaa kizito. Siku ya kuhama lilikunjwa likapakiwa juu ya ngamia. Kwa kuwa kuni hazikupatikana, walichoma samadi iliyokauka. Juu ya moto huo huchemka chai yao maarufu, yenye maziwa, siagi na chumvi, na pengine kungumanga. Maziwa ya farasi jike huchachushwa yakawa kinywaji chenye kileo kidogo, na maziwa yaliyochacha hupikwa na mvuke wake kukusanywa ili kupata pombe kali iitwayo *araka*. Ibn Battuta alionjeshwa maziwa ya farasi katika nyika hiyo, na hakuyapenda.

Mapenzi yao kwa farasi yamo katika utenzi wao mkuu, *Jangar*, ambamo shujaa hatajwi bila farasi wake. Hata hivyo, historia yao si ya mashujaa tu. Mwaka 1771, walipoona malisho yao yakichukuliwa na walowezi na vijana wao wakidaiwa kwa vita vya dola, wengi wao waliamua kurudi mashariki pamoja na mifugo. Waliokuwa ng'ambo ya magharibi ya Volga walibaki, kwa kuwa barafu ya mto haikuwa imara. Katika msafara ule mrefu watu na wanyama wengi mno waliangamia.

Msiba mkubwa zaidi ulikuja tarehe 28 Desemba 1943. Serikali ya Stalin ililituhumu taifa zima kwa kuwasaidia Wajerumani, ilhali maelfu ya vijana wao walikuwa vitani upande wa Usovieti. Zaidi ya watu 90,000 walipakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, na mifugo yao ikabaki nyuma. Wengi walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Ruhusa ya kurejea ilipatikana mwaka 1957.

Waliporudi, nyika ilikuwa na mipango mingine. Watawala walitaka sufi nyororo, wakaongeza kondoo wa aina ya merino kupita uwezo wa ardhi, na baadhi ya malisho yakalimwa. Eneo liitwalo Ardhi Nyeusi, ambalo kwa desturi lilikuwa malisho ya baridi kwa kuwa theluji yake ni chache, likaliwa mwaka mzima bila kupumzishwa. Majani yakaisha, kwato zikautifua udongo, upepo ukaubeba. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakizungumzia jangwa lililoumbwa kwa mikono ya binadamu barani Ulaya.

Usovieti ulipovunjika mifugo ikapungua sana, na sehemu kubwa ya majani ikarudi yenyewe. Nafuu hiyo ya ardhi ilikuja wakati wafugaji wakifilisika, na haifai kuisimulia kwa furaha tupu. Lakini inatuonesha kwamba mzee aliyetanguliza farasi, akafuatisha kondoo, kisha akakunja hema na kuondoka kabla majani hayajakwisha, alikuwa na hesabu iliyoipita ile ya maofisa. Yeye alihesabu mifugo, na alihesabu pia majani ya mwaka ujao, ambayo wengine wangeyahitaji baada yake.