Kandege kenye ushungi na karatasi ya kapita

Niliombwa kuandika neno juu ya disiplini, maana mimi ni kapita wa internati. Nitaandika juu ya ndege. Ngojeni kwanza, msicheke.

Siku moja ya salongo tulikuwa tunakata majani nyuma ya internati, kule karibu na msitu. Kandege kamoja kakatokea: kichwa cheusi chenye ushungi, mwili wa rangi ya majivu, na mkia wenye ncha nyeupe, kanaufungua na kuufunga kama mama anayejipepea kanisani. Kalikuwa kanakamata wadudu ambao mapanga yetu yaliwafukuza. Nikawaambia wadogo kwa sauti ya kapita: «Ile ni Trochocercus.» Jina lile nilikuwa nimelisoma katika kitabu cha zamani cha maktaba, kile kilichopoteza kifuniko.

Mtoto mmoja wa darasa la pili akajibu: «Hapana, yaya Kapita. Mwalimu alituambia iko Elminia.»

Wenzake wakacheka. Niliona amenipunguza mbele ya watu. Nikatoa karatasi, nikaandika jina lake: amefanya fujo kazini. Jumatatu akasafisha vyoo, na Jumanne tena.

Jumanne ile jioni nilienda kwa mwalimu wa biolojia. Nasema kweli, sikwenda kujifunza, nilikwenda kutafuta shahidi. Nilibeba na kitabu. Mwalimu akakitazama, akasema: «Kitabu chako hakikudanganya. Kilihesabu yale yaliyoonekana.»

Akanieleza hivi. Wataalamu wa zamani waliona ushungi, mdomo mpana uliobapa, manyoya magumu kama masharubu kando ya mdomo, tena namna ya kukamata wadudu hewani. Wakaweka ndege hawa pamoja katika familia ya Monarchidae, familia ya Terpsiphone, yule ambaye dume lake lina mkia mrefu sana. Lakini mdomo mpana na masharubu ni vyombo vya kazi. Seremala wawili wote wana msumeno, lakini si lazima wazaliwe na mama mmoja. (Mfano huu ni wangu, mwalimu asilaumiwe.)

Mwaka 2005 watafiti walitangaza uchunguzi wa ADN, ndiyo kusema maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe za mwili. Kumbe Elminia hawamo katika Monarchidae hata kidogo. Ndugu zao ni Stenostira wa Afrika ya Kusini na Culicicapa wa Asia. Wakapewa familia yao, Stenostiridae, na baadaye akaongezwa ndege mmoja wa milima ya Himalaya. Majirani wao wa karibu ni Paridae, wale wadogo wanaochokora magome ya miti.

Kilichonishangaza zaidi ni jenasi yenyewe. Jina Elminia lilitolewa na Bonaparte mwaka 1854, na aina mbili ndani yake ni za rangi ya buluu. Nani angewaweka pamoja na kandege ketu keusi-keusi? Lakini leo Elminia ni aina tano: wawili wa buluu, na watatu wenye ushungi waliotolewa katika Trochocercus, na ketu ni kamoja wao, Elminia albonotata. Katika Trochocercus wamebaki wawili tu, na wale ni Monarchidae kweli. Wana ushungi kama ketu, lakini si ndugu zake.

Nilimwuliza mwalimu: kama majina yanabadilika hivi, tutaamini nini kwenye egzameni? Rafiki zangu wengine husema wataalamu ni waongo sababu wanageuza-geuza maneno. Mimi sioni hivyo. Mwongo hafuti, anashikilia. Mwalimu yeye alijibu tu: «Ndege hakubadilika. Karatasi ndiyo iliyobadilika.»

Neno karatasi likanichoma.

Kesho yake nilikwenda kwa Direkta wa disiplini kuomba jina la mtoto lifutwe katika daftari. Aliniambia kapita anayefuta majina hataogopwa tena. Ninafikiri alisema kweli, maana tangu siku ile bweni la wadogo wananijibu sana. Lakini alifuta. Siku mbili za vyoo hazikufutika, zile zilikuwa zimekwisha kufanyika. Nilimwomba mtoto musamaha mbele ya wenzake walewale waliocheka. Aliitika «ndiyo, yaya», akitazama chini, wala sijui kama alinisamehe au aliogopa.

Jumamosi mwalimu aliruhusu tusahihishe kitabu cha maktaba kwa krayo, kando ya picha. Nilimpa mtoto yule krayo aandike yeye. Mwandiko wake ni mbaya kabisa, herufi zinapanda na kushuka, lakini hakukosa hata herufi moja.