Moro bila andazi: mfuko wa safari kwa familia isiyokula ngano

KAMA wewe ni mtoto wa Dar na mwaka huu bado hujafika Moro, nakuhurumia kweli. Mji kasoro bahari, wenyewe ndivyo wanavyouita, na uko kilometa kama 190 tu kutoka kwako. Kisingizio cha foleni ya Kibaha nacho kimekufa. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro na safari yenyewe haifiki saa mbili. Ile reli ya zamani ya Mjerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, kwa hiyo usidhani kwenda Moro kwa treni ni ujanja wa jana.

Lakini leo siongelei treni. Naongelea mfuko. Ule mfuko ambao mama anaubana katikati ya miguu tangu stesheni na watoto wanaanza kuuchokonoa kabla hata ya Pugu.

Fungua mfuko wowote wa safari katika nchi hii utakuta nini? Chapati zilizokunjwa, maandazi, sambusa, mkate wa siagi, pakiti mbili za biskuti na keki ya rangi ya manjano inayobomoka mapajani. Yaani ngano juu ya ngano. Kwa wengi wetu hakuna noma, unakula, unateremshia na soda, unalala. Ila kuna nyumba ambako mfuko huo ni kasheshe.

Nyumba moja naijua vizuri maana ni ya dada yangu. Kijana wake wa miaka saba alikuwa kila akila anavimba tumbo, anaharisha, mwili hauongezeki, na mitaani wakasema mengi, kuanzia minyoo hadi jicho la jirani. Mwisho madaktari wakasema ni ugonjwa wa seliaki. Hapo kinga ya mwili inaamshwa na gluteni, ile protini inayofanya donge la unga wa ngano livutike kama bigijii, kisha kinga hiyo hiyo inageuka na kushambulia utumbo mwembamba. Gluteni imo katika ngano, shayiri na rai. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha vitu hivyo maisha yote, na "kadogo tu hakadhuru" haimo katika kamusi ya ugonjwa huu.

Hapa niseme jambo moja kwa wale wa fasheni, maana siku hizi mjini kila mtu akijamba anasingizia ngano. Kama huna ugonjwa, kula chapati yako kwa amani. Na kama unahisi unao, nenda kapime kabla hujaacha ngano. Ukiacha kwanza, kipimo cha damu kinaweza kukuambia u mzima wakati si mzima.

Tatizo la familia kama ya dada yangu halikai nyumbani, linakaa njiani. Nyumbani unapika ugali, wali, ndizi, mchezo umekwisha. Njiani ndipo shangazi mwenye huruma anampa mtoto biskuti, na wenye maduka makubwa wanakuonyesha pakiti ya kigeni iliyoandikwa kwamba haina gluteni, bei yake unaweza kununua kuku na mchele wa kumpikia. Mimi nasema hizo pakiti waachie wenyewe. Ukishafika Moro umeingia ghalani.

Nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi uone. Jina lenyewe ni la machifu wa Kiluguru wa kule Kinole, na Kinole ndiko sehemu kubwa ya raha hii inakotoka. Upande ule wa mashariki wa Milima ya Uluguru unapokea mvua inayotoka baharini, basi migomba, minanasi, mifenesi, mihogo na magimbi vimejazana hadi unashangaa watu wanalala wapi. Ukizunguka upande wa pili, Mgeta, kuna baridi na matuta ya kabichi, njegere na viazi mviringo. Wakati wewe bado unajigeuza kitandani, akina mama wa milimani wameshateremka na mizigo kichwani. Na usiwaone hivi hivi, kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama na ardhi inakwenda humo humo, kwa hiyo huenda huyo anayekuuzia kichane cha ndizi ndiye mwenye shamba.

Ndizi, bwana. Mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wanadhoofika kwa ugonjwa huu huu wa seliaki, akawalisha ndizi kwa wingi na mkate akawanyima. Wakanenepa. Yeye akaamini ndizi ina nguvu ya ajabu. Ilibidi dunia isubiri majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi iko katika vita na mkate umeadimika, ndipo daktari wa watoto Willem Dicke akazidi kuona kwamba wagonjwa wake wanapata nafuu mkate ukikosekana na wanaanguka tena mkate ukirudi. Aliandika tasnifu yake mwaka 1950. Kumbe siri ilikuwa mkate uliotoka, siyo ndizi iliyoingia. Lakini mtoto anayepanda mlima bado anahitaji kitu cha kutia tumboni, na kwa hilo kisukari ya Uluguru haina mpinzani. Ina ganda lake, haihitaji kuoshwa, na hakuna mtu aliyeipitisha kwenye unga.

Kazi inaanza kwenye vilivyopikwa. Kitumbua kwa asili ni mchele, nazi, hamira, sukari na iliki. Mkate wa kumimina ni hivyo hivyo. Vileja vya Waswahili wa pwani ni unga wa mchele na samli, yaani biskuti isiyo na ngano iliyokuwapo kabla hizo pakiti za kigeni hazijafika dukani. Ila maisha yamepanda na wapishi wana mbinu zao. Ukimuuliza muuzaji kama kitumbua kina gluteni atakuona umechanganyikiwa. Dada yangu anauliza hivi, nilisimama pembeni nikamsikia kwa mama mmoja mtu mzima njiani kuelekea mlimani:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu vitumbua, vya moto."

"Ahsante bibi. Ni mchele mtupu, au umetia na ngano?"

"Mchele, mjukuu wangu. Ngano natia kidogo tu, vishikane."

Kijana aliangalia viatu vyake. Hakulia, ameshazoea, na hilo ndilo linaloniuma mimi mjomba wake. Dada akashukuru, akanunua vinne vya kwetu sisi tunaoweza, tukasogea. Wa pili alijibu kabla swali halijaisha kwamba ngano ni ghali, yeye hana hela ya kuchezea. Dada akauliza tena, "Na maandazi je, unapika wewe?" Akaonyesha kwa kidole, "Anapika yule." Hapo ndipo kijana alipata vitatu, na cha tatu alikila taratibu kama mtu anayesoma barua.

Hilo swali la maandazi si la ushamba. Chuma cha vitumbua kina vishimo vyake, andazi haliingii. Lakini muhogo wa kukaanga, wenyewe hauna ngano hata chembe, mara nyingi unachemkia katika mafuta yale yale yaliyotoa maandazi na sambusa dakika tano zilizopita. Kwa mgonjwa wa seliaki huo umeshachafuka. Chukua wa kuchemsha au wa kuchoma. Unga wa lishe nao umulike, wengi wanachanganya ngano humo, na hata ukipeleka mahindi, ulezi na mchele wako mashineni, uliza aliyetangulia kasaga nini. Soseji usiziguse mpaka umesoma karatasi yake, nyingi zina ngano ndani.

Haya, sasa tufungashe. Mmelala Moro, kesho mnapanda Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Mjerumani, au mnajitutumua mpaka Bondwa penye minara, zaidi ya mita 2,100. Jioni chemsha magimbi, viazi vitamu na mayai. Yaache yapoe kabisa kabla ya kufunika, mvuke ukifungiwa ndani ndio unaoleta utelezi na harufu. Mayai yaende na maganda yake. Muhogo uive sawasawa, na ule mchungu usiuchukue kabisa, una sumu. Wali wa nazi acha nyumbani, kwa jua la Moro saa sita umeshachacha. Korosho, karanga, bisi na mbegu za maboga hizo hazina wasiwasi, ila mtoto wa chini ya miaka mitano karanga nzima inaweza kumkaba. Msagie, mpake kwenye ndizi, atakusifu. Kashata muulize mpishi kama alivyoulizwa bibi.

Vyombo: bakuli lenye mfuniko, kitambaa safi, jani la mgomba lililobabuliwa kidogo motoni lisipasuke. Rambo sahau, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Chumvi ifunge kwenye karatasi nyeupe, na nakuomba isiwe gazeti hili, wino wetu ni wa kusoma. Jambo kubwa kuliko yote, mfuko wa asiyekula ngano ukae peke yake. Ukishatumbukiza chapati humo, makombo yanasambaa na kazi yako yote imekwenda na maji. Dada yangu amepata dawa ya hilo. Siku ya safari familia nzima inakula mfuko wa kijana, basi, hakuna wa pembeni. Watoto wenzake wakiona vileja wanagombania, naye anakuwa tajiri wa kugawa badala ya maskini wa kunyimwa.

Kwa wanaounganisha kwenda Iringa au Mbeya, mwisho wa kujipanga ni Msamvu. Pale stendi vitapita mbele ya macho yenu soseji, sambusa, biskuti na keki, na mtoto mwenye njaa hana falsafa. Mlisheni kabla basi halijafika hapo. Mkinunua, chukueni mayai, machungwa, mahindi ya kuchoma na korosho. Baada ya hapo mtakuja kukatiza Hifadhi ya Mikumi, kilometa kama 50 za lami ndani ya mbuga, nyani wamekaa pembeni kama abiria waliokosa basi. Usiwatupie hata ganda la ndizi. Ndicho kinachowaleta barabarani, na magari yanawagonga.

Sisi tulirudi Dar Jumapili jioni. Kabla ya kwenda stesheni dada alipita tena sokoni akachagua vichane viwili vya kisukari, kimoja kimeiva na kingine bado kijani kidogo. Nikamuuliza cha kijani cha nini. Akasema cha kwanza ni cha treni, na hicho kitakuwa kimeiva Jumatano, siku ambayo shuleni kwa kijana wanagawa maandazi.